Sukari ya Mgeni

Namba ya kwanza ilikuja mapema mno.

Kifaa kipya kikibandikwa mkononi huhitaji saa nzima kabla hakijaanza kusoma sukari. Ndivyo maelekezo yanavyosema, na ndivyo ilivyokuwa kwa vifaa viwili vya mwanzo. Simu huandika kwamba usubiri dakika sitini, kisha huzihesabu moja moja, na mgonjwa hana la kufanya ila kukaa. Ijumaa ile, dakika kumi na moja tu baada ya Nasser kukibandika kifaa cha tatu nyuma ya mkono wa mama yake, simu ililia mara moja na kuandika 14.2, karibu mara mbili ya inavyotakiwa.

"Mbona imewahi?" aliuliza Bi Wahiba.

"Imewahi kwa sababu ni kifaa kizuri," alisema Nasser. "Mama, mambo ya mtandao niachie mie."

Kifaa chenyewe hakikuwa na makuu. Kilikuwa duara jeupe, ukubwa wa sarafu, lenye uzi mwembamba kama unywele uliopenya ngozi na kulala humo ndani. Uzi ulionja sukari kila baada ya dakika tano, duara likairusha namba hewani mpaka kwenye simu, na simu nayo, kama bando lipo, ikaipeleka namba hiyo hiyo mpaka Maskati kwa Usama. Usama ndiye mtoto wa kwanza wa Bi Wahiba. Alivituma vifaa vile kwa mtu aliyekuwa akija Dar es Salaam, na tangu siku hiyo alijiona ameshamtunza mama.

Simu haikutakiwa kuwa mbali na mgonjwa. Kwa hiyo Nasser alishonesha mfuko mdogo wa kitambaa, akautia simu yake ya zamani, akamvika mama yake shingoni.

"Mbuzi wa machinjio ya Vingunguti nao huvishwa alama hivi hivi," alisema Bi Wahiba siku ya kwanza. Mkwewe, Rumaisa, alicheka kidogo. Nasser hakucheka. Alikuwa akisoma kioo.

Waliishi Kipawa, nyuma ya duka la rangi na misumari, mahali ambapo ndege ikipita watu hunyamaza katikati ya neno na kuendelea ikishapita. Nasser alikuwa mtu wa kumsomea daktari karatasi ya dawa kwa sauti. Alichokiona kwenye kioo alikiamini. Alichoambiwa na mtu aliyekaa mbele yake alikisikiliza kwa tabasamu, kama mtu mzima anayesimuliwa ndoto na mtoto.

Kila namba aliipiga picha na kuiweka kwenye grupu la wasap lililoitwa Sukari ya Mama. Walikuwemo watu kumi na mmoja: watoto, wajukuu, mashemeji. Bi Wahiba hakuwemo, na hakuna aliyeona kasoro.

"Bi mkubwa kaanza mechi mapema leo," aliandika mmoja chini ya ile 14.2.

"Mkagueni mito," aliandika mwingine.

Wiki iliyofuata namba zilipata mazoea. Kila siku kati ya adhuhuri na alasiri zilipanda: kumi na sita, kumi na nane, kumi na tisa. Chakula cha Bi Wahiba kilijulikana, maana Rumaisa ndiye aliyekipakua. Nusu sahani ya dona, mchicha, kipande cha samaki. Akishakula alijilaza, na wakati amelala, mikono juu ya kifua, simu ililia pale pale kifuani kwamba sukari inapaa.

Jumatatu waliamua kupekua chumba. Nasser aliinua godoro. Rumaisa alifungua sanduku la kanga, akazikunjua moja moja, akazitikisa. Bi Wahiba alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, miaka sitini na tisa, akiangalia nguo zake za ndani zikipita mikononi mwa mwanawe wa kiume. Hawakuona pipi, hawakuona tende, hawakuona hata ganda la biskuti.

Lakini Rumaisa alisimama ghafla katikati ya chumba.

"Nasikia halua," alisema.

Nasser alivuta pumzi. Ilikuwa kweli. Iliki, zafarani na samli ya moto, harufu ya sufuria iliyoipuliwa dakika hiyo. Rumaisa alimwendea mama mkwe, akainama, akamnusa viganja, kisha akamwambia afungue mdomo, akamnusa na mdomo. Mdomo ulinuka mchicha.

"Umeificha wapi, mama?" aliuliza Nasser.

"Sijaificha. Anayekula si mimi."

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa ajili ya wasiokulia pwani. Majini si wa aina moja. Wapo wachafu wanaokaa majalalani, na wapo maruhani, ambao ni wasafi, wapenda uturi, wapenda kahawa chungu na vitu vitamu. Ruhani hufuata ukoo. Humchagua mtu mmoja na kukaa kwake, na mtu huyo huitwa kiti. Mama yake Bi Wahiba alikuwa kiti, na alipokufa, mgeni wake alihamia kwa binti bila kelele. Hakudai ng'ombe wala ngoma. Alhamisi moja ya kila mwezi Bi Wahiba alimtengea sahani ndogo ya halua na kikombe cha kahawa, akafukiza ubani, akafunga mlango. Alipofungua, halua ilikuwa pale pale, haijapungua hata punje. Ila mtu akiionja, ilikuwa kama udongo. Utamu wote ulikuwa umekwenda.

Ilipofika wakati Bi Wahiba akaanza sindano za insulini, Nasser alitangaza kwamba nyumba yake haitaingia kitu kitamu tena. Sahani na chetezo alivitupa kwenye jalala. "Jini anayekula halua," alisema, "ni panya aliyepewa cheo." Ilikuwa imepita miezi minane.

Sasa Bi Wahiba alimweleza, polepole, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Mgeni wa bibi yako ana njaa. Zamani alikula sahanini. Nyie mmemwondolea sahani, kisha mmenichomeka uzi unaoonja damu, naye amejifunza kuonja hapo hapo.

Nasser alimrekodi akisema hayo na kuyaweka kwenye grupu. Watu wanane walituma vikatuni vya kucheka. Usama alijibu kwa sauti kutoka Maskati: "Muongezeeni insulini yuniti nne. Jini naye atapona."

Daktari wa kliniki alikuwa ameagiza yuniti kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, na alisema wazi kwamba zisiguswe bila yeye kuambiwa. Grupu lilipandisha hadi kumi na sita. Kesho yake, ishirini. Hakuna aliyempigia daktari, maana kila mmoja alikuwa na namba mkononi, na mwenye namba mkononi hujiona amesomea.

Jumatano saa tisa mchana Bi Wahiba aliamka usingizini na hakuweza kuinua kikombe cha maji. Vidole vilitetemeka. Jasho lilikuwa limelowesha kanga, jasho la baridi. Simu ilikuwa ikilia kifuani: 21.6.

Nasser aliingia na kalamu ya insulini. Simu yake nyingine aliishika mkono wa kushoto, na Usama alikuwa ndani yake kwa sauti kubwa.

"Mpige nane nyingine sasa hivi," alisema Usama. "Namba hiyo inaua."

"Nasser," alisema Bi Wahiba. Ulimi ulikuwa mzito. "Sukari imeshuka. Najijua."

"Kujijua si kipimo, mama."

"Baba watoto," alisema Rumaisa kwa sauti ya chini, "mbona analowa hivyo?"

"Mtu akila halua kwa siri lazima atoke jasho. Shika mkono wake."

Rumaisa aliushika. Ulikuwa baridi kama samaki. Na kabla ndege inayofuata haijapita, wote watatu walisikia kitu kikitoka kwenye kona ya chumba isiyo na mtu: sauti ndogo, ya adabu, ya mtu anayefyonza kahawa ya moto kutoka kikombe kidogo, anayesubiri kidogo ipoe, kisha anafyonza tena.

Nasser alisikia. Alijiambia ni bomba la maji. Aliivua kalamu kifuniko.

"Iweke chini hiyo."

Mlangoni alisimama Eufrazia, jirani, nesi mstaafu kutoka Masasi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Gervas. King'ora cha simu kilikuwa kimemfikia kupitia ukuta kwa siku nne, na siku ya nne alikuwa amechoka kusubiri kuitwa.

"Shikamoo, Mama Gervas," alisema Nasser. "Hili jambo la kifamilia."

"Marahaba. Weka chini."

Hakungoja. Alitoa mashine yake ya kuchoma kidole, ile ya zamani yenye mkanda uliobanduka, akamchoma Bi Wahiba, akakamua tone la damu kwenye karatasi. Walisubiri sekunde tano.

"Mbili nukta sita," alisema Eufrazia. "Ungemchoma hiyo, ungemzika kabla ya magharibi. Sukari iko wapi?"

"Ishirini na moja," alisema Nasser, akinyoosha kioo. "Soma mwenyewe. Hiyo mashine yako ni ya kizamani."

"Nimeuliza sukari ya kukoroga, Nasser."

Rumaisa alijibu kwa woga. "Hatuna, mama. Tuliitoa yote."

Eufrazia alimwangalia, kisha akamwangalia mumewe, kwa macho ambayo alikuwa akiwaangalia nayo wanafunzi wa unesi waliosahau kunawa. "Nyumba ya mtu anayechomwa insulini haina kijiko cha sukari. Kweli mmesoma. Rumaisa, kimbia kwangu, mkebe uko juu ya kabati."

Bi Wahiba alinyweshwa maji ya sukari kwa kijiko. Baada ya robo saa kidole kilisoma nne nukta tano, na macho yake yakarudi kujua watu. Eufrazia alimbandua kile kifaa mkononi, akatoka nacho sebuleni, wengine nyuma yake, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji mezani. Uzi ulielea humo.

"Basi," alisema. "Kimekufa."

Simu ililia. 22.0.

Walikitazama kifaa kwenye glasi. Hakikuwa kinagusa ngozi ya mtu yeyote. Baada ya dakika tano simu ililia tena, 22.3, na Nasser, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akieleza jinsi mawimbi yanavyochelewa hewani, aliacha kueleza, akaizima simu, akaifungua mgongo kwa kucha, akatoa betri, akaiweka betri upande mmoja wa meza na simu upande mwingine, akarudi nyuma hatua mbili huku harufu ya iliki na zafarani ikitoka chumbani kwa mama yake na kupita sebuleni bila haraka, kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake, ikazunguka meza, ikasimama juu ya glasi, na hapo ndipo sauti ya Usama, ambayo wote walikuwa wameisahau, ilisema kutoka Maskati:

"Ishirini na mbili nukta tisa. Mnafanya nini huko?"

Nasser aliitazama simu isiyo na betri.

"Nasser," alisema Usama, na safari hii aliongea polepole. "Nani amevaa hicho kifaa?"

Ni Bi Wahiba mwenyewe aliyemwita mganga Mwishehe. Alimpigia kwa simu ya Eufrazia, na Alhamisi baada ya alasiri Mwishehe alifika kutoka Kimbiji kwa pikipiki, matope mpaka magotini, koti la mvua limechanika bega. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye mafua.

"Huyu ndiye mganga?" Nasser alimwambia mkewe, bila kushusha sauti. "Si fundi bomba huyu?"

"Nimefanya na hiyo," alisema Mwishehe, akivua viatu. Alimgeukia Eufrazia. "Nesi, sukari yake sasa hivi ngapi?"

"Saba."

"Endelea kumpima. Wewe shughulika na huyu, mie nitaongea na mwenzake."

Usama aliwekwa mezani ndani ya simu ya Nasser, maana alitaka kusikiliza. Mwishehe aliwasha kaa, akatia ubani, akamfunika Bi Wahiba kanga nyeupe kichwani na kunong'ona maneno ambayo wengine hawakuyasikia vizuri. Haikuchukua muda. Mabega ya Bi Wahiba yalinyooka. Mguu mmoja ulipanda juu ya mwingine, jambo ambalo magoti yake hayakuwa yameweza kwa miaka sita. Sauti iliyotoka chini ya kanga ilikuwa ya mwanamume, ya taratibu, yenye Kiswahili cha wazee wa Unguja.

"Asalaam aleikum, nyumba hii. Siwaamkii mmoja mmoja. Nesi peke yake ndiye anayestahili."

Eufrazia aliitikia kwa kichwa.

"Bwana mkubwa," alisema Mwishehe, "kwa nini unakiua kiti chako?"

"Mimi?" Sauti ilicheka kidogo, puani. "Nilikuwa na njaa miezi minane. Nikaona uzi, nikanywa kidogo kidogo. Yeye akapungua, mimi nikajaa. Mlichokuwa mkikisoma humo ni sukari yangu. Nilituma namba zangu, kwa heshima, kila baada ya dakika tano. Sindano mlishika nyinyi."

Nasser alitabasamu lile tabasamu lake. Midomo ilikuwa imekauka, lakini alitabasamu.

"Nimekaa na ukoo huu tangu hapa Kipawa ni pori," iliendelea sauti. "Nimekaa na wavivu, nimekaa na walevi. Watu kumi na mmoja wanaosoma damu ya mama yao na hakuna anayemtazama usoni, hao sijapata kukaa nao. Walinichekesha. Baadaye walinichosha."

"Utatengewa sahani mpya," alisema Mwishehe.

"Sahani yangu iko jalalani. Sirudi kula kwa walioitupa. Huyu mzee mmeshamchosha, namwacha. Nipeni kiti kingine cha damu hii hii, nitoke sasa."

Mwishehe alifuta pua kwa kiganja. "Mmesikia. Wa damu hii wanaosikia hapa, ukimtoa yeye, ni wawili." Aliitazama simu iliyokuwa mezani.

Usama alikata.

Ilisikika milio mitatu mifupi ya simu iliyokatwa. Nasser alicheka kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyohitajika.

"Basi aje kwangu," alisema. "Karibu sana, mzee. Mie sina sukari wala sina kichaa. Utakufa njaa."

"Usiseme kwa mzaha," alisema Mwishehe. "Hapa neno likitoka linapokewa."

"Nimesema. Aje. Kesho nitawawekea na picha kwenye grupu."

"Mume wangu," alisema Rumaisa, "nyamaza."

Mwishehe alimfunua Bi Wahiba kanga. Uso ulikuwa wake tena, umechoka, umelowa machozi ambayo pengine hayakuwa yake. Mwishehe aliinama mpaka wakaonana macho.

"Bi Wahiba, sikiliza vizuri. Mama ana haki ya kulikataa neno la mwanawe. Ukilikataa, mgeni atabaki kwako, nami nitatafuta njia nyingine. Nikikuahidi kwamba ipo nitakuwa muongo. Ukinyamaza, limepita. Nakuuliza mara moja tu."

Bi Wahiba alimtazama Nasser, mtoto aliyemnyonyesha kwa shida kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake, mimba ikiwa na miezi saba, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, aliyempeleka madrasa akilia, na Nasser akamrudishia macho huku bado ana lile tabasamu, tayari ameinua simu ili arekodi, akisubiri mama yake aseme jambo la kizee ambalo watu kumi na mmoja wangelichekea jioni, na ubani ukapanda ukafika kwenye dari ukasambaa, na ndege ikapita juu ya bati na wote wakanyamaza mpaka ikaisha.

"Ni mtu mzima," alisema Bi Wahiba. "Amesema kwa kinywa chake."

Moshi wa ubani, uliokuwa ukipanda wima, ulilala upande mmoja kama majani yaliyopitwa na mtu. Rumaisa alijibanza ukutani. Eufrazia alikuwa ameshika kidole cha Bi Wahiba, na hata katika hofu ile mkono wake ulifanya kazi uliyoizoea: alichoma, akakamua, akasoma. Sita nukta moja.

Simu ilimtoka Nasser mkononi na kuanguka sakafuni. Tabasamu lilibaki usoni muda mrefu kidogo kuliko mwenyewe alivyotaka, kisha likafutika, na mahali pake pakaja utulivu ambao hakuna aliyewahi kuuona pale. Alivuta kiti cha plastiki. Aliketi wima, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, akajigusa mashavu, kifua na tumbo, taratibu, kama mpangaji anayegonga kuta za nyumba mpya.

"Kiti ni kipana," ilisema ile sauti ya taratibu, sasa kutoka kinywani mwa Nasser. "Lakini hakina adabu."

Bi Wahiba alijitanda kanga yake vizuri, akajifunga na mtandio.

"Basi kifundishe," alisema.